Yuro Ishirini na Nne na Nusu

Niliandika: Rixt anatimiza miaka sita,
Jumamosi twendeni tukawaone pengwini,
karibuni nyote, saa nne, langoni.
Nikaweka picha ya keki. Nikatuma.
Sikuandika nani atalipa.

Basi neno lile, karibuni,
likaenda likagonga kila simu ya ukoo, Friesland nzima,
bila bei shingoni, kama nguo ya dirishani
ambayo muuzaji anasubiri uulize.

Na hakuna aliyeuliza.
Sisi ni watu wa kuuliza madogo:
maegesho yapo? Mvua ikinyesha je?
Mtoto bado hataki zabibu kavu?
Kubwa tunalizunguka kama dimbwi.

Usiku, nyuma ya bahasha ya bili ya gesi,
mimi na Sjoerd tulipiga hesabu.
Mama yake, Bibi Baukje, mmoja.
Kaka yangu Oebele, mkewe, watoto wanne
(wanne! nani alimwambia azae wanne?
nikaona haya, nikafuta, nikaandika tena wanne).
Froukje na yule rafiki yake mpya
ambaye hatujui hata kama anakula nyama.
Tisa, mara ishirini na nne na nusu.
Sjoerd akajaza hewa mashavuni, akaiachia.
"Mwaka jana Froukje alitualika chapati za maji.
Hatujavua makoti, simu ikalia:
yuro tatu na senti sabini na tano,
za sharubati ya tufaha. Tulilipa."
"Tulilipa," nikasema,
"na hadi leo naisikia kooni."

Langoni palikuwa na upepo wa Machi,
ule unaopenya mkono wa koti ukatafuta kwapa.
Tulilikaribia dirisha la tiketi wote kwa mpigo,
na wote kwa mpigo tukapunguza mwendo.
Oebele akainama kufunga kamba za viatu.
Viatu vyake havina kamba.
Mkewe akasoma bango la saa za kuwalisha sili,
akalimaliza, akalisoma tena kwa Kijerumani.
Bibi Baukje akafungua mkoba, akaufunga,
akaufungua. Kacha. Kacha.
Nyuma yetu foleni ikakohoa.

Nikatoa kadi yangu. Mashine ikafikiri.
"Tutamalizana baadaye," nikasema, na kicheko juu yake,
maneno yanayoweza kuwa ukarimu
na yanayoweza kuwa deni.

Rixt alicheka hadi kofia ikaangukia majini.
Mimi, nitasema kweli, nilikuwa nahesabu.
Kila pengwini aliyepiga mbizi
nilimgawa kwa tisa.

Usiku, mtoto amelala na michirizi ya simbamarara usoni,
nikatuma madai, simu kwa simu,
na kikaragosi cha keki pembeni ili yasiume.
Oebele: kimya.
Froukje: kidole gumba, bila pesa.
Bibi Baukje alilipa kabla sijaiweka simu mezani.
Hakuandika neno.

Ndipo nikaenda kulitundika koti la Rixt.
Mfukoni, pamoja na jiwe na nusu biskuti,
bahasha, mwandiko wa mama mkwe uliolala kulia:
Kwa Jitske. Kiingilio changu.
Noti ya ishirini. Sarafu mbili za yuro mbili.
Senti hamsini. Sarafu zote zimebandikwa kwa plasta
zisije zikapiga kelele.

Alikuwa amelipa tangu langoni.
Akalipa tena,
nisije nikajua kwamba nimedai.

Bahasha iko kwenye friji, chini ya sumaku ya ng'ombe.
Mrudishie, anasema Sjoerd, kama kwamba ni bakuli.
Nimekwenda kwake kwa baiskeli mara mbili,
nikanywa kahawa, nikapewa biskuti moja,
kopo likafungwa,
mara zote mbili nimerudi nayo.

Mwakani nitaandika hivi:
Rixt anatimiza saba. Kiingilio juu yetu.
Kahawa kila mtu ajinunulie.
Oebele, njoo na viatu vya kamba.